Kuchoma CD Karatu: Sauti Zetu na Mashine za Wengine

Ukimtajia mtu Ngorongoro, atakutajia kreta, faru na simba. Ukimtajia Karatu, atakutajia vumbi jekundu, magari ya watalii na mahali pa kulala kabla ya kupanda kwenda geti la Lodoare. Hakuna anayekosea. Lakini mimi nimezaliwa upande huu, na kila nikiitazama ramani ya kwetu naona kitu kingine kabisa: naona maktaba. Ni maktaba isiyo na rafu wala mtu wa kugonga mihuri, iliyotandazwa kutoka nyanda za Laetoli mpaka Ziwa Eyasi. Tena sehemu kubwa ya mali yake haiko hapa. Iko Ujerumani, iko Marekani, iko Dar es Salaam, katika makabati ambayo funguo zake hatukukabidhiwa sisi.

Makala haya ni historia ya funguo hizo. Nitazungumza juu ya majivu, nta, karatasi na kanda, na mwisho nitafika kwenye CD. Hasa nitazungumza juu ya ile CD ambayo watu wa kompyuta waliiita ya haibridi, yaani chotara: CD moja ambayo ukiichoma sawasawa inasomeka kwenye kompyuta za aina mbalimbali, na papo hapo inasikika kwenye redio ya kawaida isiyojua kompyuta ni mnyama gani. Pengine utaniuliza, ndugu msomaji, jarida la waandishi na kuchoma CD wapi na wapi? Jibu langu ni fupi. Mwandishi ni mtu anayeweka kitu mahali ili mwingine aje akichukue. Kama yule aliyewekewa hana njia ya kukifungua, hukumwekea, umefukia tu.

Tuanze na majivu, maana ndiyo rekodi ya zamani kuliko zote tulizo nazo. Yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, volkano ilimwaga majivu juu ya nyanda za Laetoli, kusini ya Olduvai, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 1959 ni Hifadhi ya Ngorongoro. Mvua ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi. Wanyama wakapita, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili nao wakapita. Jua likakausha, majivu mengine yakafunika, basi. Mwaka 1976 kikosi cha Mary Leakey kiliziona nyayo za wanyama, na mwaka 1978 zikaonekana zile zinazofanana na zetu, njia ya mita 27 hivi yenye nyayo kama 70.

Uzuri wa rekodi ile ni kwamba haihitaji mashine. Yeyote mwenye miguu anaisoma. Lakini tazama kilichofuata. Baada ya kuchimbuliwa ilibidi zifukiwe tena, kwa sababu upepo, mvua na kwato zingezimaliza. Udongo uliotumika kuzifukia ukawa na mbegu za migunga, miti ikaota, na mizizi ikaanza kuzitafuta nyayo chini kwa chini. Katikati ya miaka ya 1990 wataalamu wa Mambo ya Kale wa Tanzania, wakishirikiana na taasisi ya Getty ya Marekani, walifukua, wakaondoa mizizi na kufukia upya kwa ufundi zaidi. Ukienda leo, unachoonyeshwa kwenye makumbusho pale Olduvai ni nakala ya kumwaga kwenye kalibu. Mimi silalamiki. Asili ni moja tu, na kitu kilicho kimoja tu hulindwa kwa kufunikwa. Ila naomba uishike hoja hii, maana tutaihitaji: vipo vitu vinavyolindwa kwa kufunikwa, na vipo vinavyolindwa kwa kutawanywa. Sauti ya mtu ni ya kundi la pili.

Na sauti zetu zilianza kunaswa lini? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikwenda kusini ya nchi, nyuma ya Lindi mpaka uwanda wa Makonde, akiwa na fonografu. Chombo kile kilichora sauti juu ya silinda ya nta, na silinda moja ilibeba dakika mbili tatu tu. Mwimbaji akinogewa, nta imekwisha. Wakati huo Berlin ilishakuwa na hazina ya sauti, iliyoanza mwaka 1900 na kukusanya silinda kutoka kila pembe ya dunia, makoloni yakiwemo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Warusi walizichukua nyingi mpaka Leningrad. Baadaye zikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1991, Ujerumani ikiwa imeungana, zikarejea kwenye jumba lake la makumbusho. Mwaka 1999 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Hebu fikiria safari hiyo! Sauti zilizonaswa kijijini zimezunguka Ulaya kuliko wenyewe walivyopata kuizunguka wilaya yao.

Huku kaskazini tulipata wageni wa namna hiyo katika miaka ya 1930. Daktari mmoja wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, mwanachama wa chama cha Nazi, alipiga kambi kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 1935 alipata vipande vya mafuvu ya kale, na mwaka 1939 akaokota kipande cha taya kule Laetoli, karibu miaka arobaini kabla dunia haijasikia habari za nyayo. Lakini hakuchimba mifupa peke yake. Alikaa na Wahadzabe akaandika hadithi zao, na hadithi hizo zikachapishwa kwa Kijerumani katika miaka ya 1950. Miaka hiyohiyo ya 1930 Mjerumani mwingine, Paul Berger, alikusanya matini za Kiiraqw. Hizo zikasubiri miaka kama sitini. Zilitoka kitabuni mwaka 1998, zikiwa zimehaririwa na Roland Kiessling.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Lugha nayo ni mashine ya kuchezea. Hadithi ya Mhadzabe iliyochapwa kwa Kijerumani, kwa mzee aliyeketi Mang'ola ni kanda isiyo na redio. Ipo, haikupotea, tena imetunzwa vizuri kuliko ambavyo angeitunza yeye. Lakini haisikiki. Ndiyo maana namheshimu W. D. Kamera, ambaye mwaka 1978 alitoa Hadithi za Wairaqw wa Tanzania kwa Kiswahili. Kiswahili si Kiiraqw, najua. Lakini kilikuwa mlango ambao mtoto wa shule ya msingi Karatu angeweza kuusukuma.

Baada ya nta na karatasi zikaja kanda. Redio ya nchi ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania. Mafundi wake walirekodi bendi, kwaya na ngoma za mikoani kwenye kanda kubwa za kuzungusha. Kwa miaka mingi, mwanamuziki aliyetaka kurekodi humu nchini hakuwa na pengine pa kwenda. Kazi kubwa, hakuna ubishi. Lakini kanda zile ziliwekwa Dar, na mashine ya kuzichezea huwezi kuikuta dukani Karatu hata ukizunguka mchana kutwa.

Kilichobadilisha mambo ni kaseti, ile ndogo iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963 na kufika vijijini kwetu baadaye pamoja na redio kaseti. Kwa mara ya kwanza mkulima aliweza kujirekodi mwenyewe. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, unanyamazisha watoto, mambo yanakwenda. Harusi zikarekodiwa, mahubiri yakarekodiwa, na barua za sauti zikatumwa kwa waliokwenda kutafuta maisha. Wairaqw wana utenzi wa baraka uitwao slufay, ambao mzee huutoa mbele ya watu nao wakimwitikia. Jambo la namna hiyo halikai vizuri kwenye karatasi, maana nusu yake ni huo mwitikio. Kaseti ililichukua lote, na kuku akilia nyuma.

Sasa tuje kwenye CD, na hapa inabidi tutoke Karatu kidogo. Kanuni za CD ya muziki ziliandikwa na Philips na Sony mwaka 1980 katika kile kinachoitwa Kitabu Chekundu, na CD za kwanza zikaingia sokoni Japani mwaka 1982. Sisi huku tulikuwa na shughuli nyingine. Mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni za Tanzania Bara hazikuanza kurusha matangazo mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo ugomvi ninaotaka kukusimulia ulipiganwa na kuamuliwa wakati wengi wetu hatujawahi kuigusa kibodi. Ajabu ni kwamba uamuzi wake ndio uliokuja kuamua nani atamsikia bibi yangu.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa kati ya muziki na maandishi. CD ya muziki haina mafaili. Ina sauti moja ndefu, iliyokatwa kuwa namba zisizozidi 99, na pale mwanzoni ina faharasa inayoonyesha kila namba inaanzia wapi. Sauti imepimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila sekunde inajaza sekta 75. Sekta moja ya muziki hubeba baiti 2,352. Mwaka 1983 kikaja Kitabu cha Njano kwa ajili ya kompyuta, na hicho kikachukua sekta zilezile lakini kikatumia baiti 2,048 tu kwa kazi, nyingine zikawa za ulinzi. Kisa ni nini? Muziki ukipoteza chembe moja, sikio linasamehe. Hesabu ya fedha au barua ikipoteza herufi moja, imeharibika. Ndiyo maana CD ya dakika 74 ina megabaiti 650 za mafaili: zidisha dakika 74 kwa sekunde 60, kisha kwa 75, kisha kwa 2,048, utaona mwenyewe.

Ugomvi wa pili ulikuwa kati ya kompyuta na kompyuta. Kila kampuni ilipanga mafaili kwa mtindo wake, na CD ya huyu haikufunguka kwa yule. Mwaka 1985 wahusika walikutana katika hoteli iliyoitwa High Sierra, karibu na Ziwa Tahoe huko Marekani, wakakubaliana mpango mmoja. Mpango huo ulirekebishwa ukawa kanuni ya kimataifa mwaka 1988, kwa jina la ISO 9660. Ili kila mashine iweze kuisoma, walishusha masharti mpaka chini kabisa: jina la faili lisizidi herufi nane na tatu za mkia, herufi kubwa tu, tarakimu, na kistari cha chini. Baadaye Microsoft ikaongeza mpango wake wa Joliet uliokubali majina marefu. Apple nao walikuwa na mpango wao wa tangu mwaka 1985, uitwao HFS, na kompyuta zao za Macintosh ziliupenda huo.

Na hapa ndipo CD chotara ilipozaliwa, kwa akili ambayo mimi naiona ni ya kiseremala hasa. Kanuni ya ISO iliacha sekta 16 za mwanzo wazi. Kompyuta ya Windows huziruka na kwenda kusoma kuanzia hapo mbele. Watu wa Macintosh wakaona nafasi ile, wakaandika jedwali lao humohumo. Matokeo yake ni nyumba moja yenye milango miwili. Windows inaingilia mlango wake na kuona orodha yake, Macintosh inaingilia mlango wake na kuona orodha yake, na orodha zote mbili zinaelekeza kwenye mafaili yaleyale. Si lazima uweke kitu mara mbili. Unaweka mara moja, unaandika njia mbili.

Ilibaki redio. Mwanzoni watu walichanganya kwa kuweka mafaili katika namba ya kwanza na muziki kuanzia namba ya pili. Kwenye kompyuta ilikubali. Lakini ukiitia kwenye redio ya zamani, nayo inaanza namba ya kwanza kama ilivyofundishwa, inayasoma mafaili kana kwamba ni muziki, na spika zinatoa mngurumo wa kutisha, kama bati linaburutwa juu ya saruji. Ufumbuzi uliandikwa mwaka 1995 katika Kitabu cha Bluu, ambacho Philips na Sony walishirikiana na Microsoft na Apple. Muziki unatangulia katika awamu ya kwanza, awamu inafungwa, kisha mafaili yanachomwa katika awamu ya pili. Redio inajua awamu ya kwanza tu, kwa hiyo inaimba na kusimama. Kompyuta inatafuta awamu ya mwisho, kwa hiyo inayaona mafaili. Kufunga awamu na kufungua nyingine kunakula nafasi ya dakika mbili na nusu hivi. Kwa amani iliyopatikana, naona si bei kubwa.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu mwaka 2004 mambo haya yalitufikia mezani. Mjomba alikuwa amerekodi kaseti sita za bibi katika miaka ya 1990: hadithi, nyimbo za kusagia, na habari za jinsi ukoo ulivyohama kutoka upande wa Mbulu. Mwaka 2004 bibi alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na kaseti zilikuwa zimeanza kuvuta, ile sauti ya kulewa unayoijua. Tulikuwa vijana watatu, mimi na binamu zangu wawili, na mmoja wao alifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi pale Karatu mjini. Kompyuta ya duka ilikuwa na mashine ya kuchomea na programu ya Nero, ambayo jina lake ni utani juu ya yule Kaisari anayesemwa kuwa aliichoma Roma.

Swali halikuwa tutachomaje. Swali lilikuwa tunamchomea nani. Tukaandika majina kwenye karatasi. Wa kwanza alikuwa mjomba mwenyewe, mkulima wa vitunguu Mang'ola, ambaye alikuwa na redio ya betri yenye sehemu ya CD na hakuwa na mpango wowote na kompyuta. Wa pili walikuwa wajukuu walioko Dar es Salaam, wenye kompyuta za Windows na Kiiraqw cha kuombea maji tu. Wa tatu alikuwa mtafiti mmoja wa lugha kutoka Ulaya aliyewahi kulala kwa bibi, naye alitumia Macintosh. Watu wa namna tatu na mashine za namna tatu, ila sauti ilikuwa moja. Mwingine angesema choma CD tatu tofauti, yaishe. Binamu yangu alikataa, na sababu yake sijaisahau. Alisema, ukitengeneza ya mjomba peke yake, hiyo itakuwa ya kusikiliza tu, na ile ya mtafiti ndiyo itakuwa na maelezo. Baada ya miaka ishirini wenye maelezo watakuwa wao, na sisi tutakuwa na nyimbo tusizojua zinahusu nini.

Basi tukapiga hesabu. Awamu ya kwanza tuliipa dakika 52, hadithi kumi na moja zilizosikika vizuri kuliko zote, kila moja na namba yake ili mjomba aweze kurukaruka. Toa dakika mbili na nusu za kufungia, toa nusu dakika ya mwisho, ikabaki nafasi ya megabaiti 160 na ushee. Humo tukaweka kaseti zote kwa MP3 ya sauti moja, kilobiti 64 kwa sekunde, na saa tano zikaingia. Tukaongeza picha chache, tafsiri ya Kiswahili ambayo shangazi alituandikia kwa mkono na sisi tukaichapa, na orodha ya watu wanaotajwa. Tafsiri tuliiweka kwenye faili la maandishi matupu, bila mapambo, kwa kuwa kila kompyuta inalijua. Mpango wa Apple hatukuwa na programu ya kuuandika, lakini Macintosh huielewa ISO pia, kwa hiyo tukabaki na masharti yale ya High Sierra, pamoja na Joliet kwa ajili ya Windows.

Shida ilikuja kwenye majina. Kiiraqw kina konsonanti ya kooni ambayo wataalamu wengi huiandika kwa mkwaju, mstari ule wa kulala. Ukijaribu kuliita faili kwa jina lenye mkwaju, Windows inakataa, maana kwake mkwaju ni alama ya njia ya kwenda kwenye folda. Mpango wa Apple unaukubali, wenyewe unachukia nuktambili tu. Kwa hiyo katika chumba kile kidogo, kati ya mashine ya fotokopi na jiko la chai, tuligundua kwamba lugha ya bibi haikualikwa kule hotelini Ziwa Tahoe. Hakuna aliyeipiga vita, hapana. Haikuwepo tu wakati wa kugawana alama. Hadithi zake zikaitwa HADITH01 mpaka HADITH11, na majina yake halisi tukayaandika ndani ya faili la maandishi, mahali ambapo mkwaju haudhuru mtu.

CD mbili za kwanza ziliharibika kwa sababu umeme ulikatika leza ikiwa katikati ya kazi. CD ya kuchoma ina tabaka la rangi ambalo leza hulichoma mara moja tu. Njia ikikatika, huwezi kurudi kuishona. Ya tatu tuliichoma usiku, polepole, kwa kasi ya chini, kwa kuwa redio za zamani huzisoma vizuri zaidi zilizochomwa bila haraka. Tulichagua zile za kuchoma mara moja na kuziacha zile za kufuta na kurudia, kwa sababu hizo hazirudishi mwanga wa kutosha na redio nyingi hazizitambui. Kesho yake binamu alipanda gari la Mang'ola. Jioni mjomba alikaa nje na majirani, akabonyeza, na bibi akazungumza. Nimeambiwa namba ya saba ilirudiwa mara nne. Wiki ile ile nakala ikafika Dar, na barua ya mtafiti ilipokuja ilisema kwamba amesoma tafsiri na ana maswali mawili kuhusu orodha ya watu. Maswali hayo alijibiwa na shangazi, na majibu tukayaongeza kwenye nakala zilizofuata.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka msomaji aione. Katika silinda za nta, sauti ilikwenda na haikurudi kuulizwa. Kwenye CD hii, mwenye redio ya betri na mwenye chuo kikuu walikuwa wameshika kitu kimoja, kwa hiyo waliweza kubishana. Kule Kenya lilitokea jambo linalofanana na hili, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki akirekodi, na kule Kapkatet aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo uliotokana na jina la mwimbaji Mmarekani Jimmie Rodgers. Rekodi zikatunzwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Mwaka 2014 maktaba hiyo na wenzao wa Nairobi walianza kuzirudisha Kenya kwa wenyewe na kwa jamaa zao. Miaka sitini na minne! Haikuchelewa kwa sababu kanda ziliharibika, la hasha. Zilikuwa salama muda wote.

Lakini CD nayo tusiifanye msahafu. Ile tabaka ya rangi haipendi jua wala joto, na dashibodi ya gari la Mang'ola mchana ni tanuri. Kompyuta za mkononi zinazouzwa leo nyingi hazina hata mahali pa kuitia. Redio ya mjomba ilikufa zamani. Nakala yetu moja imechubuka mpaka haisomeki. Mbili bado zinasoma. Sauti yenyewe iko hai kwa sababu mafaili yale ya MP3 yalihamia kwenye kadi ndogo ya simu, kisha yakapita kwa Bluetooth, kisha kwa WhatsApp, na leo mtoto wa binamu yangu anaisikia sauti ya mama wa babu yake bila kujua kwamba CD ilipata kuwepo. Na tafsiri? Ile ya maandishi matupu bado inafunguka kwenye simu yoyote. Yale majina ya herufi nane, ambayo tuliyaona kama fedheha, hayajakataliwa na chombo chochote.

Kwa hiyo, vijana wenzangu mnaoandika, somo la historia hii si kununua CD. Ni kuuliza mapema: nitakayemwekea atafungulia wapi? Ukirekodi mzee, andika na jina lake, mahali, mwaka na anachokisema, kwa lugha yake na kwa Kiswahili, na uviweke pamoja na sauti, maana vikitengana havitafutani. Tumia umbo la kawaida kabisa badala ya lile linalopendeza mwaka huu. Nakala ya kwanza mpe mwenye sauti au watoto wake kabla hujampa mgeni. Kisha toa nyingine, na nyingine. Nyayo za Laetoli zilifunikwa kwa sababu haziwezi kuwa mbili. Sauti ya mzee wako inaweza kuwa mia, na zile mia ndiyo ulinzi wake.

Ziwa Eyasi halina haraka, lakini wazee walio kando yake wana muda mfupi. Kihadza, lugha isiyofanana na nyingine yoyote duniani, kina wasemaji wanaokadiriwa kuwa kama elfu moja. Mwaka 1993 wataalamu watatu, Bonny Sands, Ian Maddieson na Peter Ladefoged, walichapisha uchambuzi wa sauti zake, mlio kwa mlio. Kazi nzuri sana. Nani Mang'ola ameisikia? Hilo si swali la kuwauliza wao. Ni la kijana wa Karatu mwenye simu mfukoni, na gari la Mang'ola huondoka kila siku.